Kamba na Mpira: Jinsi Mchezo wa Mtoto Ulivyoingia Darasani

Wako watu wasemao kwamba mchezo hauna historia. Historia, kwa maoni yao, ni habari za wafalme, vita na mikataba. Kuruka kamba na kudaka mpira ni mambo ya watoto tu, yaanzayo asubuhi na kusahauliwa jioni. Lakini tazama kwa makini uwanja wa shule yo yote ya msingi wakati wa mapumziko. Utaona watoto wawili wakizungusha kamba, na wa tatu akivizia nafasi ya kuingia ndani yake. Kando yao utaona kikundi kingine kikirushiana mpira uliofungwa kwa karatasi za nailoni na uzi wa mkonge. Kengele ikilia, michezo hiyo hukoma. Baada ya saa moja au mbili, kama ratiba inasema hivyo, mwalimu huwatoa nje watoto wale wale na kuwafundisha kuruka kamba na kudaka mpira. Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa mtoto huyajua mambo hayo pasipo mwalimu, kwa nini yamewekwa katika ratiba? Ni nani aliyeyaweka, na kwa kusudi gani?

Swali hili si la kupitishia wakati. Katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya viungo ndicho cha kwanza kutolewa kafara mtihani unapokaribia. Mwalimu wa hesabu hukiomba, mwalimu mkuu hukubali, na wanafunzi hurudishwa madawatini. Mtu atakaye kukitetea kipindi hicho hana budi kujua kilikotoka. Na mtu atakaye kukifuta, naye yafaa ajue anachokifuta.

Na tuanze na mpira. Huko Misri, mahali paitwapo Beni Hasan, pana makaburi ya wakuu yaliyochongwa katika mwamba kiasi cha miaka 4,000 iliyopita. Katika kuta za baadhi yake zimechorwa picha za wasichana wakirusha mipira midogo; wengine wamepanda migongoni mwa wenzao huku wakirushiana. Wayunani nao waliupenda mchezo huu, hata Homer, katika utenzi wake wa safari za Odysseus, alimwonyesha binti mfalme Nausicaa akicheza mpira ufukoni pamoja na wajakazi wake. Katika karne ya pili baada ya Kristo, tabibu mashuhuri Galen aliandika kitabu kizima kuhusu mazoezi ya mpira mdogo. Hoja zake zingalipo hata leo. Alisema kwamba mchezo huu hufanyisha kazi viungo vyote vya mwili, tena huzoesha macho na akili. Na zaidi ya hayo, hauhitaji mali. Tajiri aweza kufuga mbwa na farasi wa kuwindia, lakini mpira mdogo hata maskini aweza kuupata.

Mipira hiyo ya zamani, hata hivyo, haikudunda vizuri. Ilishonwa kwa ngozi au kitambaa na kujazwa majani, nywele au manyoya. Mpira udundao ulitoka upande mwingine wa dunia. Watu wa Mexico na nchi jirani walijua, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, kugema utomvu wa mti fulani na kuuchanganya na maji ya mmea utambaao, hata utomvu huo ukawa kitu kigumu chenye kunepa. Wahispania walipofika huko walistaajabu kuona tufe zito likiruka kana kwamba lina uhai. Mwaka 1528 Hernán Cortés aliwachukua wachezaji wa mchezo huo hadi Hispania, wakacheza mbele ya Mfalme Charles wa Tano. Ilipita miaka zaidi ya 300 kabla ya Charles Goodyear wa Marekani kugundua, mwaka 1839, namna ya kuupika utomvu pamoja na salfa ili usiyeyuke wakati wa joto wala usikatike wakati wa baridi. Tangu hapo mpira wa kuchezea uliweza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei nafuu.

Lugha yetu imeihifadhi habari hiyo. Zamani kitu cha mviringo cha kuchezea kiliitwa tufe, na neno hilo lingali likitumika kwa lile tufe la chuma lirushwalo katika michezo ya riadha. Lakini utomvu uliitwa mpira, na kitu kilichofanyizwa kwa utomvu kikaitwa mpira vile vile. Siku hizi hata tufe la majani makavu ya mgomba, lisilo na tone moja la utomvu, huitwa mpira. Hivyo jina la kitu cha kiwandani limeenea hata juu ya kazi ya mikono ya mtoto wa kijijini.

Kamba nayo ina safari yake. Watoto wa nchi nyingi waliruka kwa kamba za mimea iliyo karibu nao, na kwa hiyo ni vigumu kusema nani alianza. Lakini kamba ijulikanayo zaidi katika Afrika ya Mashariki ni ya mkonge, na mkonge si mmea wa asili wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida iletwe Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani wakati ule. Mingi ilikufa njiani; 62 tu ilifika ikiwa hai, nayo ikawa chanzo cha mashamba makubwa. Baadaye mkonge ulienea Kenya pia, ukapandwa Thika, Taita na Vipingo. Asili ya mmea huo ni Mexico. Basi mtoto wa Voi ashikaye kamba ya mkonge mkono mmoja na mpira udundao mkono wa pili ameshika urithi wa watu wa nchi moja ya mbali, ingawa yeye na wao hawajuani kamwe.

Hivyo ndivyo vyombo vilivyopatikana. Lakini chombo kuwapo si sawa na chombo kuingia shuleni. Kwa karne nyingi shule za Ulaya zilimtaka mtoto akae kimya, asome na kukariri. Mwili wake ulikuwa kama mzigo alioubeba hadi darasani. Miongoni mwa wa kwanza kulipinga wazo hilo kwa vitendo walikuwa walimu wa Ujerumani. Mwaka 1784 ilifunguliwa shule mahali paitwapo Schnepfenthal, na huko Johann Friedrich GutsMuths alifundisha mazoezi ya mwili kwa miaka mingi. Mwaka 1793 alitoa kitabu chake cha mazoezi kwa vijana, na humo aliuweka mchezo wa kuruka kamba pamoja na kukimbia, kuruka na kutupa. Mwaka 1796 akatoa kitabu kingine kuhusu michezo. Jambo lililokuwa jipya kwake halikuwa michezo yenyewe, kwa maana watoto walikuwa wakiicheza tangu zamani. Jipya lilikuwa kuichunguza kila mmoja na kuuliza: mchezo huu wamfundisha mtoto nini?

Mwenzake wa baadaye, Friedrich Froebel, aliwafikiria watoto wadogo zaidi. Mwaka 1837 alianzisha katika mji wa Blankenburg nyumba ya kulea na kufundisha watoto ambayo baadaye aliiita bustani ya watoto. Zawadi ya kwanza aliyompa mtoto mchanga ilikuwa mipira 6 midogo ya sufi, kila mmoja wa rangi yake. Kwa maoni ya Froebel, mpira ulikuwa chombo cha kwanza cha elimu. Mtoto akiukamata hujifunza kushika, akiuachilia hujifunza kwamba kitu chaweza kwenda na kurudi, na akiufuata kwa macho hujifunza mwendo.

Mtu angeweza kudhani kwamba mambo haya yasiyo na madhara yasingemkasirisha mtawala ye yote. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi karibu na Berlin. Vijana wengi walikusanyika huko, nao walizungumza siasa pamoja na kupanda nguzo. Serikali ya Prussia iliogopa, na mwaka 1820 mazoezi hayo yakapigwa marufuku. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1842. Bustani za watoto za Froebel nazo zilipigwa marufuku katika Prussia mwaka 1851, zikaruhusiwa tena mwaka 1860. Tangu mwanzo, basi, tunaona kwamba mwili wa mtoto ni jambo ambalo wakubwa hugombania. Serikali humtaka awe askari au raia mtulivu, mwenye kiwanda humtaka awe mfanya kazi, tabibu humtaka awe na afya. Mtoto mwenyewe hutaka kucheza.

Ubishi huo waonekana wazi kabisa katika historia ya Uingereza, nayo yatuhusu, kwa kuwa mafundisho ya Waingereza ndiyo yaliyoletwa katika shule zetu wakati wa ukoloni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 ilifungua njia ya shule za msingi kwa watoto wa watu wa kawaida. Mwaka uliofuata kanuni za serikali ziliruhusu wavulana wafundishwe kwata kwa muda usiozidi saa 2 kwa juma. Sababu zake zaeleweka. Madarasa yalikuwa makubwa, viwanja vilikuwa vidogo, na fedha hazikuwako. Kwata haihitaji chombo cho chote: sajini mmoja mwenye sauti kali aweza kuwatuliza watoto 100. Geuka kulia, geuka kushoto, piga hatua, simama! Mtoto hujifunza kutii, na utii ndio uliotakiwa.

Halafu vikaja vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hadi 1902. Vijana wengi wa mijini waliojitolea kuingia jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Taarifa zilizotangazwa wakati ule kuhusu mji wa Manchester zilisema kwamba kati ya watu 11,000 waliojitokeza, 8,000 walikataliwa mara moja. Taifa liliingiwa na hofu. Mwaka 1902 Bodi ya Elimu, kwa shauri la Wizara ya Vita, ilitoa mwongozo wa mazoezi uliotokana na mafunzo ya askari. Msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 13 walipewa amri zile zile, kana kwamba wote ni askari waliofupishwa kimo.

Walimu, wabunge na matabibu wengi waliupinga mwongozo huo. Waliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: je, vijana hao walikuwa dhaifu kwa kukosa kwata, au kwa kukosa chakula? Kamati iliyochunguza udhaifu wa mwili katika nchi ilitoa taarifa yake mwaka 1904, nayo ilishauri kwamba watoto walishwe na wapimwe na matabibu. Mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuruhusu halmashauri kuwapa wanafunzi chakula, na mwaka 1907 sheria ya kuwapima afya. Mwongozo wa kijeshi ukaondolewa, na mwingine ukatolewa mwaka 1904. Ule wa mwaka 1909 ulitayarishwa na idara ya afya ya Bodi ya Elimu iliyoongozwa na tabibu George Newman. Mtoto alikuwa ametoka mkononi mwa sajini na kuingia mkononi mwa daktari.

Daktari naye alikuwa na mwalimu wake, naye alikuwa Msweden. Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi katika mji wa Stockholm mwaka 1813. Alitaka kila zoezi liwe na sababu yake katika elimu ya mwili: hili kwa ajili ya mgongo, hili kwa mapafu, hili kwa usawa wa mabega. Mmoja wa waliosoma katika chuo hicho alikuwa Martina Bergman, ambaye baadaye aliitwa Bergman-Österberg. Mwaka 1881 aliajiriwa London kusimamia mazoezi ya shule za wasichana. Mwaka 1885 akafungua chuo chake cha kuwafunza walimu wanawake, na mwaka 1895 akakihamishia Dartford. Mama huyu aliamini kwamba mwanamke mwenye mwili dhaifu hawezi kuwa huru, na watu wengi wa siku zake walidhani amepotoka.

Katika chuo chake likatokea jambo ambalo msichana wa Kenya hulijua kwa miguu yake. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith alibuni mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani, akitumia vikapu vya matunda na mpira wa miguu. Baada ya miaka michache mchezo huo uliletwa katika chuo cha Bergman-Österberg. Wanafunzi wakaubadilisha, wakaweka pete mahali pa vikapu, na mwaka 1901 sheria zake zikachapishwa. Hivyo ukazaliwa mpira wa pete, ambao wengi huuita netiboli. Walimu waliotoka vyuo kama hicho waliupeleka katika makoloni mengi, hata Kenya.

Mazoezi ya Ling, pamoja na faida zake, yalikuwa na upungufu mmoja. Yalitii amri. Mtoto aliinua mkono kwa sababu mwalimu amesema “inua,” akaushusha alipoambiwa “shusha.” Kidogo kidogo walimu waligundua kwamba watoto wadogo hawafuati kwa furaha mambo ya namna hiyo. Mwongozo wa mwaka 1919 uliongeza michezo, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 7. Na mwongozo wa mwaka 1933, uliotumiwa kwa miaka mingi hata nje ya Uingereza, ulileta kazi ya vikundi. Darasa liligawanywa, kikundi hiki kilishika kamba, kile kilishika mipira, kingine pete, kingine kiliruka juu ya kizuizi, halafu wakabadilishana. Kamba na mpira, vilivyokuwa vimengoja nje ya mlango kwa miaka mingi, vikaingia ndani kwa heshima.

Yafaa sasa tuulize kazi yenyewe hufundishwaje, maana historia ya elimu pasipo kazi ya elimu ni hadithi tupu. Kuruka kamba kwaonekana kuwa kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: kuruka, kuzungusha, na kupatanisha viwili hivyo kwa wakati. Mtoto ashindwaye mara nyingi hakushindwa kuruka, ameshindwa kupatanisha. Kwa hiyo mwalimu mwenye hekima huvifungua vitu hivyo kimoja kimoja. Kwanza kamba hulazwa chini kama nyoka, na mtoto huiruka kwa miguu yote miwili. Kisha watoto wawili huibembeza huku na huku pasipo kuizungusha, naye huiruka ikija. Kisha huizungusha juu ya kichwa chake, na wenzake huhesabu au huimba ili sikio lisaidie mguu. Mwisho hupewa kamba yake mwenyewe. Urefu wake hupimwa kwa kuikanyaga katikati. Ncha zikifika makwapani, yafaa. Hufundishwa kuzungusha kwa viwiko vya mikono, si kwa mkono mzima, na kutua kwa nyayo za mbele huku magoti yakilegea.

Mpira nao una ngazi zake. Mtoto mdogo huanza kwa kuuviringisha na kuuzuia, maana mpira uendao chini hautishi. Halafu huurusha juu kidogo na kuudaka mwenyewe, halafu huudundisha na kuudaka, halafu huutupa ukutani, na baada ya hayo humrushia mwenzake. Mtoto aogopaye mpira hufumba macho au hugeuza uso; huyo asigombezwe, bali apewe kifuko cha kitambaa kilichojazwa maharagwe. Kifuko hakidundi wala hakiviringiki. Kikifika mkononi hutulia. Hofu ikitoka, apewe mpira mkubwa na mwepesi, na baadaye mdogo. Aambiwe atazame mpira tangu unapotoka mkononi mwa mwenzake, ainyoshe mikono kuupokea, na kuivuta kifuani unapogusa viganja. Kudaka ni kupokea, si kupiga.

Sasa turudi kwetu. Katika shule nyingi za Kenya wakati wa ukoloni kipindi hiki kiliitwa drili, na wazee wengi wangali wakikiita hivyo. Jina hilo lasema mengi. Wanafunzi walisimama mistarini, wakanyosha mikono, wakapiga hatua mahali pamoja, wakatii. Lakini mchezo wa watoto haukungoja ruhusa ya mwongozo wo wote. Walichukua utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, wakaufunga ncha kwa ncha, wakauvisha miguuni mwa wenzao wawili, na kuuruka kwa mitindo mingi. Mchezo huo huitwa blada. Walisimama wawili huku na huku, wakamweka mwenzao katikati, wakamlenga kwa mpira wa soksi naye akikwepa; mchezo huo huitwa kati. Hakuna mkaguzi aliyewafundisha. Mkubwa alimfundisha mdogo, na mdogo alipokua akamfundisha mwingine. Ukiichunguza michezo hiyo kwa jicho la GutsMuths, utaona kwamba blada ina ngazi za ugumu kama kitabu cho chote cha mazoezi, kwa kuwa utepe huanza kwenye vifundo vya miguu, hupanda magotini, na huendelea kupanda. Na kati humfundisha mtoto kulenga kitu kiendacho mbio, jambo ambalo si rahisi hata kwa mtu mzima.

Walimu wa Uingereza nao waliendelea kubadilika. Mwaka 1952 na 1953 Wizara yao ya Elimu ilitoa vitabu viwili vilivyochukua mahali pa mwongozo wa mwaka 1933. Vitabu hivyo havikumpa mwalimu orodha ya amri. Vilimwomba amtazame mtoto na kumwachia nafasi ya kubuni. Wakati huo huo Peter na Iona Opie, mtu na mkewe, walikuwa wakikusanya michezo na maneno ya watoto wa shule. Walitoa kitabu kimoja mwaka 1959 na kingine mwaka 1969, wakaonyesha kwamba uwanja wa shule una mapokeo yake ambayo watu wazima hawayatawali. Na huko New York, mwaka 1973, maafisa wawili wa polisi, David Walker na Ulysses Williams, waliuchukua mchezo wa mitaani wa kuruka kamba mbili zizungukazo kwa pamoja, wakauandikia kanuni. Mashindano ya kwanza yakafanywa mwaka 1974.

Hapa wako wasomaji watakaopinga. Watasema: ikiwa watoto wana mapokeo yao, basi waachwe, mwalimu akiugusa mchezo atauharibu, na kanuni zitaua furaha. Hoja hii ina kweli ndani yake. Mchezo uliogeuzwa kuwa amri si mchezo tena; ni kwata iliyovaa nguo nyingine. Lakini hoja hiyo humsahau mtoto mmoja. Katika uwanja wa mapumziko, hodari huruka na dhaifu huzungusha kamba. Mtoto asiyejua kudaka haitwi kucheza, na kwa kuwa haitwi, hajifunzi kudaka. Mnene huchekwa, mwenye ulemavu huwekwa kulinda masweta, na mgeni husimama penye kivuli cha mti. Mapokeo ya watoto ni mazuri, lakini si ya haki sikuzote. Kazi ya mwalimu ni kumtafuta yule aliyeachwa, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuweka kamba na mpira katika ratiba. Aliye hodari atajifunza hata pasipo sisi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua darasa la watoto 40 na kipindi cha dakika 35. Shule ina mpira mmoja wa miguu. Hata kama wangegawana sawa sawa, kila mtoto angekuwa na mpira kwa muda wa sekunde 52 tu. Lakini twajua kwamba hawagawani sawa. Watatu au wanne wataumiliki, wengine watakimbia nyuma yao, na waliobaki watatazama. Sasa waambie watoto hao wafanye mipira 20 ya karatasi na uzi nyumbani, mmoja kwa kila wawili. Kila mtoto atakuwa na mpira kwa nusu ya wakati, yaani zaidi ya dakika 17. Shule haikutumia hata shilingi moja, na mafunzo yameongezeka mara 20. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kamba pia: kamba moja ndefu yenye mlolongo wa watoto 40 ni somo la kusubiri, si somo la kuruka. Walimu tunaowafunza vyuoni huishangaa hesabu hii, ingawa ni ya kugawanya tu.

Na yule mwalimu mkuu afutaye kipindi kwa ajili ya mtihani, tumjibu nini? Tumkumbushe yaliyowapata Waingereza. Waliudharau mwili wa mtoto wa maskini kwa miaka mingi, wakaukumbuka walipohitaji askari, nao wakaukuta umekwisha dhoofika. Kwata ya haraka haikuweza kurudisha kilichopotea. Umoja wa Mataifa ulipokubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, ulitaja haki ya kupumzika na kucheza, na Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1990. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, lilishauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kipindi kimoja cha dakika 35 hakifiki hapo. Tukikifuta, tunamnyima mtoto hata kile kidogo.

Baadhi yenu msomao habari hizi mtakuwa walimu. Mtapelekwa katika shule ambazo huenda hazina uwanja ulio sawa, wala ghala la vifaa, wala mpira wa dukani. Msikate tamaa, na msiseme kwamba somo hili ni la shule za matajiri. Galen alikwisha kusema, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kwamba mpira mdogo haumkatai maskini. Kateni kamba kwa kimo cha kila mtoto. Wafundisheni kusuka mipira yao. Jifunzeni blada na kati kutoka kwao kabla ya kuwafundisha lo lote. Kisha, siku ya kwanza ya kazi, kabla hamjatazama ni nani arukaye vizuri, tazameni ni nani aliyesimama kando. Anzeni na huyo.